Mtapona, nilimwambia

Siku Nico Harrison alipofukuzwa kazi, mdogo wangu alinitumia ujumbe mfupi: "Sasa tutapona, dada?"

Ilikuwa tarehe 11 Novemba 2025. Miezi tisa ilikuwa imepita tangu Harrison, meneja mkuu wa Dallas Mavericks, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ampeleke staa wao Luka Dončić kwa Los Angeles Lakers usiku wa manane, dili ambalo hata waandishi wenye masikio kila kona hawakulinusa mapema. Mdogo wangu ni mtu wa Dallas tangu Luka alipoingia ligi. Ana jezi ya Luka, namba 77, ambayo tangu Februari ile imelala chini ya nguo nyingine zote. Haivai, na hataki kumpa mtu.

Nilikuwa na haraka zangu. Nikajibu bila kufikiri: "Mtapona. Timu zote hupona."

Akaniwekea dole gumba, yakaishia hapo.

Kwangu hayakuisha.

Majuma kadhaa jibu lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Uhakika ule niliutoa wapi? Nafuatilia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa miaka mingi na huwa najigamba kwamba nakumbuka nani aliuzwa wapi, kwa nani, mwaka gani. Lakini kukumbuka dili ni kitu kimoja, na kukumbuka maisha ya walioachwa ni kitu kingine. Staa akihama, kamera hupanda naye ndege. Waliobaki hatuwaoni tena mpaka siku watakapopangwa kucheza naye.

Basi nikarudi kuwatazama waliobaki.

## Fainali ya mtu ambaye hakuwepo

Nilianza na ushahidi ulionipendelea. Mtu aliyekwisha kutoa hukumu huanzia hapo.

Juni 2025, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers walicheza fainali ya mechi saba. Paul George hakuwa katika timu yoyote kati ya hizo. Msimu ule alikuwa Philadelphia. Ila ukichimba chini ya nyumba zote mbili unakuta msingi mmoja: kila moja iliwahi kumuuza yeye.

Indiana walimuuza 2017. Alikuwa ameshawaambia kwamba mkataba wake ukiisha ataondoka, na Oklahoma City wakatoa Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Indiana walichekwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Msimu uliofuata wakashinda mechi 48, kutoka 42, kisha wakamburuza LeBron James na Cleveland mpaka mechi ya saba. Mwaka 2022 Sabonis akapelekwa Sacramento na akaja Tyrese Haliburton, na Haliburton ndiye aliyewafikisha fainali.

Oklahoma City nao walimuuza 2019. Clippers walimtaka George kwa udi na uvumba, maana Kawhi Leonard, staa mwingine waliyemtaka, hakuwa tayari kuja peke yake. Wakatoa Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu za kila mwaka za timu kuchagua wachezaji wapya), haki ya kubadilishana machaguo mengine mawili, na kijana mwembamba aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza: Shai Gilgeous-Alexander. Moja ya machaguo yale likaja kuwa Jalen Williams, aliyefunga pointi 40 katika mechi ya tano ya fainali. Shai akawa mchezaji bora wa ligi, kisha mchezaji bora wa fainali, na kombe likaenda Oklahoma City.

Timu mbili zilizomuuza mtu yuleyule, na zote mbili fainali.

Nilikaribia kumtumia mdogo wangu habari hiyo usiku uleule. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kutuma.

## Pointi 73

Kilichonizuia ni mechi moja ya tarehe 2 Desemba 2021.

Thunder walikuwa wageni wa Memphis. Shai hakucheza. Memphis nao hawakuwa na staa wao, Ja Morant, kwa hiyo hakuna wa kusingizia kwamba walikutana na simba mwenye njaa. Memphis walishinda 152 kwa 79. Tofauti ya pointi 73. Katika historia yote ya NBA hakuna timu iliyowahi kufungwa kwa pengo kubwa kuliko hilo.

Hiyo ndiyo njia iliyokwenda kwenye kombe. Msimu wa kwanza bila George walijikaza, Chris Paul akiwaongoza, wakafika mtoano. Kisha wakaanguka, tena kwa kukusudia: ushindi 22 katika mechi 72, halafu 24 katika 82. Meneja wao, Sam Presti, hakumficha mtu kwamba anajenga polepole. Lakini kujua kwamba jengo linajengwa hakukupunguzii vumbi la mchanga ukiwa umekaa ndani.

Najaribu kumfikiria shabiki aliyelipa tiketi misimu ile. Huyu aliwahi kumwona Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden wakiwa vijana katika ukumbi mmoja. Sasa anatazama vijana wasio na majina wakipotea robo ya tatu, anaambiwa avute subira, kuna machaguo ya drafti mengi kabatini.

Kutoka dili hadi kombe ni miaka sita. Nami nilikuwa nimeuchukua huo kama mfano wangu bora kabisa. Indiana ni minane, na mwishoni Haliburton akachanika kano ya kisigino katika robo ya kwanza ya mechi ya saba.

Nikafuta ule ujumbe.

## Wale tusiowataja

Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi usiwahesabu waliotoka hospitali wakitembea tu. Nikajilazimisha kwenda Minnesota.

Kevin Garnett, staa wao, aliondoka pale Julai 2007. Boston walitoa wachezaji watano na machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwa mtu mmoja. Kwenye karatasi ni mzigo mkubwa. Al Jefferson alikuwa kijana mwenye kipaji halisi, na sitaki mtu amdharau. Boston, waliotoka kushinda mechi 24, wakashinda 66 na kuchukua ubingwa msimu uleule. Minnesota walishuka kutoka 32 hadi 22.

Kisha wakakaa huko. Mwaka 2009 walikuwa na chaguo la tano na la sita katika drafti, wakachukua walinzi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. La saba walikuwa Golden State. Wakamchukua Stephen Curry.

Minnesota hawakuonja mtoano mpaka 2018. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Garnett alipoondoka alikuwa na ishirini na moja.

Ni kweli, wamepona. Siku hizi wana Anthony Edwards, na mwaka 2025 waliwatoa Lakers wa Luka katika raundi ya kwanza kwa mechi tano. Lakini mtu akipona baada ya miaka kumi na moja, unathubutu kusema dawa ilikuwa ile aliyopewa siku ya kwanza?

## Hakuna aliyegonga mlango

Dallas nilikuwa nawakwepa. Ukweli ni kwamba kila nilipowafikia, mifano yangu ilikataa kuwakaa.

Mastaa karibu wote wanaouzwa wameomba wenyewe, au mkataba unakaribia kwisha na kila mtu anaona mizigo mlangoni. Kareem Abdul-Jabbar aliomba. Carmelo Anthony aliomba. Anthony Davis aliomba kule New Orleans, Harden aliomba Houston, Damian Lillard aliomba Portland. Muuzaji anauza kwa sababu asipouza atabaki mikono mitupu. Kuna heshima fulani katika kuuza kwa namna hiyo. Mashabiki hulia, lakini wanajua wa kumlaumu, na wa kumlaumu ameshaondoka.

Luka hakuomba chochote. Alikuwa na miaka 25. Miezi minane kabla alikuwa amewapeleka fainali. Miaka mitano mfululizo alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha ligi, yaani wachezaji watano bora wa msimu. Harrison alisema anaamini ulinzi ndio unaoleta ubingwa, na kwamba macho yake yako kwenye miaka mitatu minne ijayo, si kumi. Akamchukua Anthony Davis wa miaka 31, kijana Max Christie, na chaguo moja la raundi ya kwanza, la 2029.

Chaguo moja! Clippers walitoa matano kwa Paul George.

Davis alicheza mechi yake ya kwanza tarehe 8 Februari. Pointi 26, ribaundi 16, asisti 7, na mpaka robo ya tatu Harrison alikuwa anaonekana mwerevu. Kisha Davis akaumia kinena akatoka. Machi 3, Kyrie Irving akachanika kano ya goti. Timu ikamaliza na ushindi 39 na vipigo 43, ikatolewa na Memphis kabla hata mtoano wenyewe haujaanza.

Katikati ya hayo kuna usiku wa tarehe 9 Aprili, Luka aliporudi Dallas akiwa na jezi ya Lakers. Klabu ilitandika fulana kwenye viti vya ukumbi zenye maneno ya Kislovenia: *Hvala za vse*. Asante kwa yote. Wakaonyesha video ya miaka yake. Luka akakaa kwenye benchi na taulo, akitazama juu, machozi yakimtoka mbele ya dunia nzima. Halafu akainuka akawafunga pointi 45, na ukumbi wa Dallas ukamshangilia mpinzani kila alipotumbukiza.

Mdogo wangu aliitazama mechi ile. Siku ya pili aliniambia kitu ambacho wakati ule nilikiona ni utani: "Dada, wametupa fulana kama kwenye msiba wa mtu ambaye wamemuua wenyewe."

Nadhani hapo ndipo uchungu wa Dallas unapotofautiana na wa wengine. Oklahoma City walianguka wakiwa wamekubali kwamba wanaanguka. Dallas waliuza jua lao kisha wakaendelea kuwaambia watu kwamba bado ni mchana. San Antonio walijaribu hivyo 2018. Kawhi alipolazimisha kuondoka, hawakwenda njia ya vijana na machaguo mengi, wakamchukua DeMar DeRozan aliyekuwa tayari staa, ili wasishuke. Na hawakushuka: ushindi 47 ukawa 48. Wakatolewa raundi ya kwanza na Denver katika mechi saba. Mwaka uliofuata wakakosa mtoano kwa mara ya kwanza baada ya misimu 22 mfululizo, na Toronto walikuwa wameshabeba kombe na Kawhi.

Kubaki palepale nako kuna gharama yake. Inalipwa kwa awamu, ndiyo maana haionekani.

## Chenji

Sasa niseme kilichonigeuza.

Nilikuwa nimeandika orodha: upande mmoja timu zilizomuuza staa, upande wa pili nani aliyezirudisha juu. Nilitarajia upande wa pili ujae majina ya wachezaji waliokuja kwenye dili. Shai yumo. Jamal Murray yumo kwa mbali: Denver walipomuuza Carmelo kwa Knicks mwaka 2011 walipata haki ya kubadilishana chaguo la 2016, na chaguo hilo ndilo lililomleta Murray, bingwa wa 2023. Miaka mitano kulipata chaguo, kumi na miwili kupata kombe.

Baada ya hao, orodha ikakauka.

Denver walipona kwa Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, hana uhusiano wowote na dili la Carmelo. San Antonio walipoanguka hasa ndipo walipompata Victor Wembanyama, kwa bahati nasibu ya 2023, kura inayoamua timu ipi ichague kwanza katika drafti. Houston walimtoa Moses Malone 1982, wakatoka ushindi 46 hadi 14, na kilichowaokoa ni sarafu iliyorushwa hewani kuamua nani achague kwanza: ikawaangukia wao miaka miwili mfululizo, wakampata Ralph Sampson na kisha Hakeem Olajuwon. Lakers walimtoa Shaquille O'Neal 2004, wakashuka kutoka 56 hadi 34, lakini Kobe Bryant alikuwa bado yuko, hata kama 2007 alitaka kuondoka. Hapo kuna mnyororo ninaoupenda sana: dili la Shaq lilimleta Caron Butler, Butler akabadilishwa na Kwame Brown, na Kwame Brown, ambaye mashabiki wa Lakers walikuwa wakimzomea, akawekwa katika dili lililomleta Pau Gasol mwaka 2008. Makombe mawili. Memphis waliomtoa Pau nao walichekwa. Katika mzigo waliopokea kulikuwa na haki za mdogo wake, Marc, aliyekuja kutajwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi mwaka 2013.

Utamu wa simulizi hiyo usikupoteze. Pau alitua kwenye timu yenye Kobe.

Kwa nini iwe hivi? Ukichenji noti kubwa unapata sarafu nyingi, na ukizijumlisha thamani ni ileile. Sheria za ligi zinasukuma hivyohivyo, kwa kuwa mishahara inayotoka na inayoingia inatakiwa kukaribiana. Ndiyo maana kwa staa mmoja unaletewa wanne watano wa kawaida. Lakini uwanjani wanaingia watano tu, na mpira ni mmoja. Staa anacheza dakika 36 au 38 kati ya 48 na karibu kila shambulizi linapita mkononi mwake. Wachezaji wanne wazuri hawawezi kusimama mahali aliposimama mtu mmoja.

Milwaukee ndio walionifundisha hili, na wamenifundisha kwa upole. Juni 1975 walimpeleka Kareem Lakers na kupata wanne: Brian Winters, Elmore Smith, Dave Meyers na Junior Bridgeman. Msimu wa mwisho wa Kareem walishinda mechi 38. Msimu wa kwanza bila yeye, 38 tena, na wakaongoza kundi lao! Lakers wenye Kareem walishinda 40 na kukosa mtoano, Kareem akiwa mchezaji bora wa ligi. Ungeuliza mwaka 1976 nani kashinda dili, ungejibiwa Milwaukee.

Na walifanya vizuri kweli. Chini ya kocha Don Nelson waliongoza kundi lao miaka saba mfululizo, 1980 hadi 1986. (Bridgeman, kwa njia, alistaafu akawa tajiri wa migahawa, na 2024 akanunua asilimia kumi ya klabu hiyohiyo. Alifariki Machi 2025. Katika dili zote nilizosoma sijaona chenji iliyokua namna hiyo.)

Katika miaka ile yote hawakufika fainali hata mara moja. Kareem alichukua makombe matano kule Los Angeles. Milwaukee walisubiri kombe mpaka 2021, walipokuwa na mtu mwingine wa aina ya Kareem, Giannis Antetokounmpo, aliyechaguliwa wa 15 mwaka 2013. Miaka 46 baada ya dili.

Timu nyingi nilizozisoma hazikuponywa na walichopewa. Zilipona siku zilipookota staa mwingine, na kumwokota hakukuwa sehemu ya mkataba.

## Asilimia 1.8

Hapo ndipo Dallas wananichanganya tena.

Tarehe 12 Mei 2025, miezi mitatu na kitu baada ya kumtoa Luka, Mavericks waliingia kwenye bahati nasibu ya drafti wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 kupata chaguo la kwanza. Wakalipata. Cooper Flagg, miaka 18. Laiti Harrison asingemuuza Luka, labda wasingekuwa kwenye bahati nasibu kabisa. Kuna watu walisema dili limesafishwa. Kuna waliosema limepangwa. Sina ushahidi wowote wa hilo, na sidhani aliyepata ushindi wa namna hii anahitaji njama, maana mara nyingi bahati ina wazimu wake.

Angalia Anthony Davis peke yake. New Orleans walimuuza Chris Paul 2011, wakashinda mechi 21, wakapata chaguo la kwanza: Davis. Davis akaomba kuondoka 2019, New Orleans wakashinda bahati nasibu tena: Zion Williamson. Davis akapelekwa Dallas badala ya Luka, na Dallas wakashinda bahati nasibu: Flagg. Mara tatu mtu huyu yuko karibu na meza ya staa aliyeuzwa, na mara tatu mipira ya bahati ikaangukia upande wa muuzaji.

Lakini jina la Zion limenifanya nisite. New Orleans walipata bahati mara mbili, na tangu Zion afike hawajashinda hata raundi moja ya mtoano. Majeraha yamekula miaka yake.

Kwa hiyo hata bahati ikija si kwamba umepona. Unapewa nafasi ya kuanza kusubiri upya, ukiwa na mtu wa kumtazama.

Na Flagg bado ni mtoto. Mashabiki wanaotaka awe Luka wanamwonea. Ukumbi uleule ulioshangilia chaguo lake ndio ulioimba Harrison afukuzwe, wakati mwingine katika mechi ambazo kijana huyu alikuwa uwanjani akitafuta pa kuweka miguu. Bango la kusema asante kwa aliyeondoka halijatolewa, yeye anaambiwa aanze kazi.

## Jibu la pili

Jumapili iliyopita nilimwandikia mdogo wangu. Nilimwambia jibu langu la Novemba lilikuwa la mtu mwenye haraka na naliondoa. Nikamweleza Minnesota. Nikamweleza Milwaukee. Pointi 73 sikumweleza, alikuwa anazijua.

Alikaa muda mrefu bila kujibu. Kisha: "Nina miaka 27. Ya Minnesota ni kumi na moja. Thelathini na nane."

Nikasema zile za Minnesota ni mbaya kupita kawaida.

"Nani alirudi haraka?"

Nilifurahi, nilikuwa na mfano. San Francisco Warriors, nikamwambia. Walimuuza Wilt Chamberlain Januari 1965, msimu ule wakashinda mechi 17 tu na kupoteza 63. Katika drafti wakampata Rick Barry. Mwaka 1967, miaka miwili tu, wakawa fainali, na humo Barry akawa anafunga zaidi ya pointi 40 kwa mechi.

"Wakachukua?"

Hapana. Walifungwa nne kwa mbili.

"Na nani?"

Philadelphia, niliandika.

Vinukta vitatu vikacheza kwenye kioo, vikapotea, vikarudi.

"Na huyo Wilt walimuuza wapi?"